Gringo, guiri, sudaca: ni tusi au jina tu?

Kila watu wakianza kubishana kama gringo, neno la Kihispania la kumwita mgeni, ni tusi lazima atokee mtu na ile stori ya vita ya Marekani na Mexico, 1846 mpaka 1848, eti wanajeshi walivaa kijani, Wameksiko wakawa wanawapigia kelele kwa Kiingereza cha kuokoteza waondoke, "green, go", yaani kijani, nenda, ndo neno likazaliwa. Stori tamu ila haina mashiko, sare zenyewe zilikuwa za bluu, alafu kamusi ya Mhispania Esteban de Terreros ilishaliandika karne ya 18, kwamba Málaga ndo walivyowaita wageni ambao Kihispania kinawagomea mdomoni, na Madrid likawaangukia zaidi Waayalandi. Baadae likasambaa: Mexico gringo ni Mmarekani, Argentina zamani walikuwa wahamiaji wa Kiitaliano, Brazil ni mgeni yeyote yule, hata Muargentina wa hapo mpakani.

Wanaosema acheni kulalamika wana hoja, tena nzito. Mtu anaitwa gringo na washkaji zake miaka nenda rudi na anaitika. Na guiri ndo kabisa, mtalii wa Ulaya kaskazini kalala juani Hispania mpaka kawa mwekundu, soksi ndani ya sendozi, ukimwita guiri anapungukiwa nini? Wiki ijayo yuko kwao.

Ila sasa weka sudaca pembeni yake. Hispania hiyohiyo, ila huyu katoka Amerika Kusini, kaongea Kihispania tangu anazaliwa, anatafuta kazi na chumba cha kupanga, na anayemwita hivyo ndo mwenye chumba. Hapo utani hamna. Kwaiyo mi kwa muda mrefu nimeona kinachoamua sio neno, ni nani kashika mpini.

Shida ni kwamba Japani hiyo kanuni inayumba. Mgeni anayeitwa gaijin anaweza kuwa na hela na cheo, hamna anayemnyanyasa, ila ana miaka 20 pale, anaongea lugha vizuri, watoto wamezaliwa hapohapo, na bado ni gaijin tu. Kinachouma sio dharau, ni kwamba hilo jina halina mwisho. Runinga za huko zinalikwepa kabisa, wanatamka gaikokujin, mtu wa nchi ya nje, kwa urefu wake (na kuna Wajapani wakisafiri nje wanawaita wenyeji gaijin, hiyo nayo kali).

Hong Kong mambo yalifika mpaka kortini. Gweilo kwa Kikantoni ni kama kumwita mzungu mzimu, na wazungu wengi wa pale wanajiita wenyewe hivyo, kuna mpaka bia ina hilo jina. Mtaalamu mmoja wa kulipua miamba akashtaki kwamba alibaguliwa kazini, neno hilo likiwa sehemu ya madai, na 2022 kesi ikatupwa. Mi hukumu naielewa, ila bia inanunuliwa na anayetaka, kazini mtu hachagui wenzake watamwitaje.