Ukaguzi ukipita, hadubini hurudi kwao

Jioni moja kabla ya ukaguzi, boda boda iliingia katika shule ya binafsi niliyokuwa nikifundisha hapa Arua, Uganda, ikiwa na sanduku la mbao nyuma. Mlikuwa na hadubini mbili za kuazima. Usiku ule walimu tulikesha tukiandika maazimio ya kazi ya muhula mzima, tukibadilisha kalamu ili yasionekane ni ya siku moja. Wakaguzi walikuja, wakahesabu vyoo, wakachungulia maabara, wakaaga. Kesho yake sanduku lilirudi lilikotoka. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, "Mwalimu, sisi tutazitumia lini?" Nilikosa la kumwambia, na aibu ile ninayo hadi leo.

Ukaguzi siupingi. Kurugenzi ya Viwango vya Elimu ina haki ya kudai vyoo, nafasi ya kutosha na walimu waliosomea kazi. Ila mkaguzi ni mgeni wa siku moja.

Na sasa jambo limekuwa zito zaidi. Kwa mtaala ulioanza mwaka 2020, asilimia 20 ya alama za kidato cha nne hutoka shuleni, na 80 kwenye mtihani wa UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Uganda. Watahiniwa wa kwanza walifanya mtihani huo mwaka 2024. Maana yake mwalimu amekuwa mtahini. Mimi nimeona karatasi ya alama ambapo darasa zima limepewa 2.4 kati ya 3, kutoka jina la kwanza hadi la mwisho. Aliyeijaza si mvivu, namfahamu. Alikuwa akifundisha shule tatu, analipwa kwa kipindi, na malipo ya miezi miwili hajayaona. Atasoma saa ngapi kazi za watoto wote wale?

Ndiyo maana nasema mshahara wa mwalimu ni kiwango cha ubora, na mkaguzi auulize kabla hajafika chooni. Aone barua za ajira, aone mwalimu alilipwa lini mara ya mwisho. Mwenye shule anayejenga ghorofa huku walimu wake wanakopa nauli asipewe sifa ya ubora na mtu yeyote.

Yapo pia yasiyohitaji fedha. Katika shule nyingine niliyopitia, mwalimu wa taaluma alikuwa akichukua madaftari matatu kila Ijumaa, bila kuchagua, na kuyalinganisha na alama zilizoandikwa. Mwanzoni tulinung'unika kwamba tunapelelezwa. Muhula wa pili tulikuwa tukimpelekea wenyewe, tukimuuliza, "Hii kazi wewe ungeipa ngapi?" Ubishi ukawa mkali hadi chai inapoa, na mimi ndipo nilipojifunza kusahihisha.

Wazazi, mkienda kulipa ada muhula huu, ombeni kuona kazi ya mradi ya mtoto na alama aliyopewa. Muulizeni mwalimu kwa nini kampa hiyo.