Mzimu, Mume, Nyoka, Mbuzi

Binamu yangu wa Hamburg na makato hawapatani. Alipoarifiwa kwamba mdogo wake anaolewa na kamati inangoja mchango wake wa dola 400, alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu la familia: safari hii hapitishi senti yake kwa wakala yeyote, anatuma kripto, zile sarafu za kidijitali za mtandaoni. "Hakuna benki, hakuna foleni, hakuna makato!" Shangazi, mama yake mzazi, akajibu, "Amina," maana alidhani anaomba dua. Na kwa kuwa kwenye kamati nzima mimi ndiye niliyekuwa na simu yenye kioo kizima, nikateuliwa kupokea.

Binamu alikuwa na ushahidi kwamba kitu hiki kinanunua chakula. Mwaka 2010, Mmarekani aitwaye Laszlo Hanyecz alijipatia piza mbili kwa bitcoin 10,000, bitcoin ikiwa ndiyo kripto ya kwanza. Hadithi hiyo husimuliwa sana, ila watu huruka kipande kimoja: mwenye mgahawa hakuona bitcoin hata moja. Hanyecz alimrushia mtu mwingine mtandaoni, na huyo ndiye aliyelipia piza kwa dola za kawaida. Yaani tangu siku ile alihitajika mtu wa kati. Nasi tulikuwa na mpishi wa pilau anayetaka advansi kabla hajashusha masufuria.

Tulianza na zile programu za masoko ya kripto, ambako unafungua akaunti kama unavyofungua benki. Ikataka picha ya kitambulisho cha taifa, mbele na nyuma. Mimi nina namba, kadi bado. Nikaweka leseni ya udereva. Ikataka na sura yangu: geuka kushoto, geuka kulia, funga macho, fumbua, sogea kwenye mwanga. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nikatoka uani kwenye jua, nikawa nageuza shingo na kupepesa macho mbele ya kina mama waliokuwa wanamenya vitunguu. Mmoja akamwuliza mwenzake kwa upole, "Ilimwanza lini?" Jibu la programu: ombi lako linashughulikiwa. Mpaka leo linashughulikiwa.

Binamu akasema achana nao, pakua programu ya pochi ya kujishikia kripto mwenyewe. Hiyo kweli haiulizi jina wala sura. Inakupa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, ndiyo ufunguo wa fedha zako, uyaandike kwa mpangilio ule ule, basi, umemaliza. Maneno yenyewe huchotwa kwenye orodha ya maneno 2,048 ya kawaida kabisa. Ipo orodha ya Kijapani, ya Kikorea, hata ya Kicheki. Ya Kiswahili kwenye zile rasmi haimo. Masharti aliniandikia kwa herufi kubwa: usiyapige picha, usiyaweke kwenye simu, usimwambie mtu hata mkeo, ukiyapoteza hakuna ofisi ya kwenda kulalamika, na atakayeyaona anaweza kuondoka na kila kitu. Andika kwenye karatasi, ficha.

Ficha wapi? Aliyetunga masharti yale hajawahi kulala kwenye nyumba ya shughuli. Kwa Shangazi pale Magomeni wiki hiyo walikuwepo wageni wa Tanga, wa Kilwa na wa Mafia, kila droo imejaa vitenge na mbele ya kila kabati kuna mtu amelala. Nikaiweka chini ya godoro.

Fedha zilifika ndani ya dakika moja, hilo siwezi kulikataa. Ilikuwa USDT, ile dola ya kidijitali ya kampuni ya Tether, na binamu aliipitisha mtandao wa Tron kwa sababu, kama ulivyokisia, una makato madogo. Nikakimbia kumwonyesha mhazini wetu, mwalimu mstaafu ambaye daftari lake la michango lina mistari iliyopigwa kwa rula. Akavaa miwani, akatazama kioo cha simu.

"Nimeona. Stakabadhi iko wapi?"

"Mwalimu, hii haina stakabadhi."

"Basi haijafika."

Nikamtafuta kijana wa Kariakoo anayenunua hizi dola. Akanitumia anwani yake, herufi na tarakimu 34 zinazoanza na T. Nikabandika, nikabonyeza tuma. Pochi ikagoma. Ukitaka kuhamisha USDT kwenye Tron lazima uwe na sarafu nyingine, TRX, ya kulipia muamala, na mimi sikuwa nayo hata moja. Hebu mfikirie abiria wa Mbagala mwenye noti ya elfu kumi mkononi, konda anamwambia nauli ya gari hili hulipwa kwa korosho. Korosho nitazipata wapi? Kwenye zile programu za masoko. Zilizotaka kadi. Nikampigia binamu anirushie TRX kidogo, lakini yuko zamu ya kiwandani, simu imezimwa hadi usiku.

Wakati mimi nahangaika na simu barazani, Shangazi akaamuru magodoro yote yatolewe nje yapigwe jua.

Nilisikia jina langu likiitwa lote, la kwangu na la baba na la babu. Kufika uani nikakuta kamati nzima imesimama na Shangazi ameshika karatasi kwa ncha za vidole viwili, mkono umenyooshwa mbali na mwili.

"Mwanangu, umelala kwangu siku zote hizi. Hiki nini?"

Kabla sijafungua mdomo akampa mtoto wa kidato cha pili atafsiri. Huyo mtoto Kiingereza chake ni kizuri, Mungu ambariki, na sauti yake inafika barabarani.

"Mzimu," akasoma. "Mume. Nyoka. Mbuzi. Damu."

Kina mama wa vitunguu wakaacha visu.

"Nazi. Fuvu. Sketi. Punda. Moto…"

"Soma kwa ndani!" nikapiga kelele. Ni kweli fedha zilikuwa zinamwagika hewani neno baada ya neno, lakini wao wakasikia mchawi anayezuia siri yake isitoke. Neno la kumi na mbili lilikuwa harusi. Ndani, bi harusi aliyekuwa amepakwa singo mwili mzima akaangua kilio.

Jamani, jaribuni ninyi kujitetea hapo. Nilisema kweli tupu, na kila nilichosema kilizidi kunizamisha. Maneno haya ni ya nini? Ni ufunguo wa fedha. Nani kakupa? Hakuna mtu, yamekuja yenyewe kwenye simu. Mbona umeyaficha? Masharti, haruhusiwi mtu kuyaona. Akiyaona? Anachukua kila kitu. Yakipotea? Basi tena, hakuna wa kumwendea. Mwenyewe wa mambo haya nani? Hapo nikajikaza kusema kwamba aliyeanzisha mambo ya kripto mwaka 2008 alitumia jina la Satoshi Nakamoto na hakuna aliyewahi kuthibitika kuwa ndiye.

"Frimasoni," mama mmoja wa Tanga akasema, akakusanya wanawe.

"Na mwanangu wa Ulaya umemwingiza!" Shangazi akalia.

"Shangazi, yeye ndiye aliyeniingiza mimi!"

Sentensi hiyo haikusaidia.

Mjomba, aliyestaafu bandarini na anayependa mambo yaende kwa utaratibu, akauliza serikali inasemaje. Nikamwambia Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba hizi si fedha halali nchini, halafu sheria ya fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali.

"Kwa hiyo si fedha, ila ina kodi."

"Ndiyo, Mjomba."

"Hapo sasa nimeelewa," akasema, akakaa. Ndiye pekee aliyeelewa chochote mchana ule.

Shangazi alikuwa ameshaanza kuisogeza karatasi kwenye jiko la mkaa. Mimi akilini namwona James Howells, yule bwana wa Newport kule Wales ambaye mwaka 2013 diski yake yenye takriban bitcoin 8,000 ilitupwa jalalani, na mwaka 2025 mahakama ikatupilia mbali kesi yake ya kutaka kulifukua. Yeye alau ana jalala. Mimi, simu ikiharibika, ningebaki na majivu na mpishi wa pilau. Nikamshika Shangazi mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya na sitarudia. Wakaafikiana aitwe ustadhi aje aisome hiyo karatasi kwanza, aseme ni kitu gani.

Ustadhi wetu ni kijana, anafundisha madrasa mtaa wa pili. Alikuja na chetezo na mfuko wa ubani. Akasalimia, akapewa kiti, akapokea karatasi kwa mkono wa kulia. Akaisoma taratibu hadi chini. Uso wake ukabadilika.

"Mmeisoma mbele ya watu wangapi?"

"Wote hawa," Shangazi akasema. "Ni mbaya, Ustadhi?"

"Mbaya sana, mama."

"Nilisema!"

Ustadhi akanigeukia, akashusha sauti. "Ni TRC20 au ERC20?"

Anauliza USDT imepita mtandao gani, Tron au Ethereum! Nilitaka kumkumbatia. Kumbe ana wanafunzi wa Qur'ani wanaosoma kwa simu, Muscat, Birmingham na kwingineko, na baadhi yao hulipa ada kwa USDT. Nikamweleza habari ya TRX. Akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha ona ugonjwa huo, akasema naye yalimkuta mwanzoni, mshahara wa mwezi ulikaa kwenye simu anautazama tu. Akasema yeye ananunua, 2,400 kwa dola, na TRX ya nauli ananipa bure, ila tufanye upesi kwa sababu kwenye dirisha kuna kijana anaandika kitu kwenye simu yake. Tukageuka wote. Kijana akasema anajibu meseji.

TRX ikaingia. Nikabandika anwani ya Ustadhi, tukahakiki herufi nne za mwanzo na nne za mwisho kwa kusomeana, yeye anasema, mimi naitikia. Mama wa Tanga akawa anaitikia pia, kwa tahadhari. Nikabonyeza. Kimya. Kisha simu ya Shangazi ikalia ile ting ya kawaida: umepokea shilingi 960,000 kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kadha wa kadha. Akaisoma mara mbili, akaiamini papo hapo, maana ilikuwa na jina la mtu.

"Sasa mama unaweza kuichoma," Ustadhi akasema. Shangazi akaitia karatasi chetezoni pamoja na ubani wa kutosha nyumba tatu, na vichembe vya TRX vilivyosalia ndani ya pochi nikavisamehe. Bi harusi akanyamaza. Mpishi akashusha masufuria.

Akabaki mhazini. Yeye muda wote alikuwa amekaa na daftari mapajani, kalamu imefunguliwa, anasubiri vurugu ziishe.

"Stakabadhi," akasema.

Nikakumbuka kwamba kumbe ipo. Kila muamala una namba yake, na mtu yeyote duniani anaweza kuiangalia. Nikamfungulia. Ni herufi na tarakimu 64 zilizoshikana bila nafasi. Akafurahi kweli, akaniambia nimsomee polepole, naye akawa anaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, sifuri anaikata mkwaju ili isifanane na o. Kina mama walimaliza vitunguu, wakaingia kwenye viazi. Tulipofika mwisho akarudi mwanzo, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akapata 63.

Akachana ukurasa, akapiga mistari kwa rula.

"Anza tena, mwanangu."