Krismasi Uchaggani: Nani Apande Desemba, Nani Asubiri Juni

Novemba ikielekea ukingoni, kundi la WhatsApp la kila ukoo wenye asili ya Kilimanjaro huanza ubishi ule ule: mwaka huu tunapanda Moshi au tunapumzika? Kuna wanaoamini kwamba asiyekwenda "kuhesabiwa", yaani kuonekana nyumbani Krismasi, amejitoa mwenyewe. Na kuna wanaouliza kwa nini familia ya watu watano iteketeze ada ya Januari kwa siku nne za kubanana. Pande zote mbili zina hoja. Kinachokosekana ni kuulizana kwanza: tunakwenda kufanya nini?

Yako mambo ambayo Desemba haina mbadala wake, na la kwanza ni kikao cha ukoo. Mzee akifariki na kuacha kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, Mahakama ya Mwanzo haitamteua msimamizi wa mirathi kirahisi bila muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza, pamoja na cheti cha kifo. Kikao hicho kinahitaji watu wa Mwanza, Dar es Salaam, Mbeya na pengine walioko ng'ambo, na hakuna wiki nyingine ya mwaka inayowakusanya. Simu haitoshi. Asiyekuwepo ndiye atakayeleta pingamizi Machi, akidai hakushirikishwa.

Ila kikao chenyewe huharibiwa na ratiba. Kinawekwa tarehe 26 alasiri, nyama imeliwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imezunguka mara kadhaa, na katibu anaandika nusu ukurasa wenye majina bila saini. Ukifika mahakamani unarudishwa. Kikao kifanyike asubuhi, kabla ya chakula, tena ikiwezekana tarehe 23. Muhtasari uonyeshe tarehe, mahali, jina la marehemu, warithi wote hata wasiokuwepo, aliyependekezwa na sababu. Kila aliyehudhuria aandike jina lake kamili na kusaini. Zitolewe nakala siku hiyo hiyo. Kama unahitaji barua ya mtendaji wa kijiji, ifuate kabla ya tarehe 24, maana 25 na 26 ni sikukuu na ofisi imefungwa.

Ubatizo nao uko hivyo hivyo. Familia nyingi hupenda mtoto abatizwe parokiani au usharikani kwa babu. Hilo halipangwi ukishuka kwenye basi. Mlutheri hutakiwa kuja na barua ya usharika anaosali. Kwa Wakatoliki kuna mafundisho ya wazazi, na msimamizi wa ubatizo naye huulizwa vyeti vyake. Wanaoanza kufuatilia Desemba huishia kubembeleza mlangoni mwa ofisi ya parokia huku foleni iko hadi nje.

Sasa upande wa pili, ambao wenye msimamo mkali wa "lazima twende" huupuuza. Dar hadi Moshi ni kilomita 560 hivi, na Arusha inaongeza 80. Basi lisiloruhusiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, likisimama mizani na kwenye vituo vya ukaguzi, kwa siku za kawaida linakula saa tisa hadi kumi na moja. Wiki ya Krismasi ongeza. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda kwa magari ya njia nyingine kuziba pengo, na hapo ndipo unapomkuta dereva ambaye hajawahi kupita Segera wala hajui kona za Korogwe. Nauli elekezi ipo, lakini mpiga debe anayekuuzia siti pembeni ya ofisi haitambui. Kata tiketi mtandao yenye jina lako na namba ya siti, na uhakikishe kiasi ulicholipa ndicho kilichoandikwa. Tiketi ikionyesha pungufu, hiyo tofauti huna pa kuidai.

Treni inafaa kufikiriwa na wenye watoto wadogo. Ilirejea Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha Oktoba 2020 baada ya miaka zaidi ya thelathini. Ni ya polepole kuliko basi, lakini mtoto anatembea, anakwenda chooni bila kusubiri dereva atangaze kuchimba dawa. Udhaifu wake ni mvua: reli ikimong'onyolewa na maji safari husitishwa, kwa hiyo mpango wa pili uwepo.

Kwa wenye gari binafsi, hatari kubwa inakuja baada ya Mombo. Kuelekea Same barabara imenyooka, jua linawaka, tumbo limejaa chipsi za Korogwe, na ndipo madereva wanaposinzia. Wawepo madereva wawili, na anayepokea usukani awe amelala usiku uliotangulia, si aliyekuwa anapiga soga siti ya mbele. Ukifika huko juu, mteremko una yake. Kutoka Mkuu Rombo, Marangu au Kibosho watu wa mjini hushuka na gia ya D huku mguu umeganda kwenye breki. Breki zinachemka, zinanuka, kisha zinalegea. Shuka na gia ndogo, 2 au L, breki uiguse kwa vipindi.

Na kule nyumbani kwenyewe? Nyumba ya vyumba vitatu iliyokaa na bibi mmoja miezi kumi na moja inapokea watu ishirini kwa mkupuo. Shimo la choo linajaa, presha ya maji inashuka kwa sababu kijiji kizima kimefungua bomba, na bei ya mbuzi imepaa. Mbuzi alipiwe Novemba na aachwe kwa jirani afugwe; choo kinyonywe kabla gari la maji taka halijawa adimu.

Hata mbege haikubali haraka. Ndizi huvundikwa hadi ziive barabara, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ziwe na rangi ya udongo, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Pembeni ulezi unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa na kusagwa, halafu unapikwa uji. Maji ya ndizi yanachujwa, yanachanganywa na uji huo pamoja na magome ya msesewe yanayoleta uchungu, na pipa linalala usiku mmoja. Jumla ni kama siku kumi, na ikishaiva haikai; siku ya pili au ya tatu imekuwa kali. Anayetuma hela ya ndizi tarehe 20 akitaka mbege ya Krismasi atakunywa ya dukani. Na usijaribu kurudi nayo Dar kwenye dumu lililokazwa kifuniko: inaendelea kuchachuka na dumu linapasuka kwenye buti.

Kwa hiyo, mwenye jambo la ukoo, mirathi, ubatizo au kujengea kaburi, apande Desemba bila kujiuliza mara mbili. Asiye na jambo, anayetaka tu watoto wamjue bibi, ninaona Desemba inamnyima hicho anachokifuata. Bibi mwenye wageni ishirini hana nafasi ya kumfundisha mjukuu kumenya ndizi za mtori. Likizo ya katikati ya mwaka inamfaa zaidi: mabasi yana nafasi na kahawa inaanza kuiva, hivyo mtoto anaichuma kwa mkono wake. Kasoro yake ni baridi. Geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800, na Juni na Julai vijiji vya juu hukaa chini ya mawingu siku nzima. Sweta na soksi nzito si mapambo. Pasaka siipendekezi, kwa kuwa huangukia masika na njia za udongo za Uru au Kirua huwa utelezi mtupu.

Walioko Arusha hawana sababu ya kulala huko kijijini. Kilomita 80 wanaweza kwenda na kurudi, alimradi waondoke kabla ya saa moja asubuhi kuikwepa foleni ya Tengeru na Usa River, na washuke kutoka mlimani mapema, kwani jioni ya tarehe 25 Noah, zile gari ndogo za abiria, za kurudi mjini huwa za kugombania.

Kwa wanaopanda Desemba, shule zikiwa zimeshafungwa, mzazi mmoja atangulie na watoto kati ya tarehe 15 na 18. Mwingine afuate akipata ruhusa kazini. Tiketi ya kurudi ikatwe siku moja na ya kwenda, ya tarehe 28 au 29. Kuanzia tarehe 1 Januari, stendi ya Moshi inakuwa imejaa watu wenye hela ya nauli mkononi na mikungu ya ndizi miguuni, na siti hakuna.