Shule ya mwanao ikishika mkia, soma jedwali la masomo kwanza

Matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka Januari, simu za wazazi hujaa orodha za shule zilizoshika mkia. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini watu wanajitengenezea orodha zao. Mzazi ambaye mwanawe yuko Kidato cha Pili katika shule ya kata iliyojaa Daraja la Nne na Sifuri, ngazi mbili za chini kabisa za matokeo, hupata aibu kabla hajapata taarifa. Hapo mtoto huambiwa shule yake ni ya wajinga, au anahamishwa kwa pupa, au anaandikishwa tuisheni ya masomo yote. Naona yote matatu ni makosa, kwa sababu mzazi bado hajajua ni nini hasa kilichoharibika pale shuleni.

Fungua ukurasa wa shule kwenye tovuti ya NECTA, pita majina yote, shuka hadi chini kabisa. Kuna jedwali linaloonyesha kila somo: waliosajiliwa, waliofanya mtihani, waliofaulu na wastani wa pointi. Wastani huo unasomwa kinyume na mazoea: 1 ndio bora, 5 ndio mbaya. Utakuta mara nyingi kwamba shule inayosemwa vibaya inafaulisha Kiswahili karibu darasa zima, Historia iko katikati, halafu Hisabati na Fizikia zimelala kwenye F, yaani kufeli. Angalia miaka mitatu mfululizo. Somo lililo chini miaka yote mitatu huenda halina mwalimu, au yupo mmoja anayebeba mikondo yote. Lililoanguka mwaka mmoja tu huenda mwalimu wake alihama na hakuna aliyeziba pengo.

Kisha piga hesabu ya madaraja, maana wazazi wengi hawajawahi kuelezwa. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mtoto mwenye C tatu na D nne ana pointi 25, yaani Daraja la Tatu. D moja ikigeuka F, pointi zinakuwa 26 na anaangukia Daraja la Nne. D inaanzia alama 30, na 29 ni F. Hata Sifuri na Daraja la Nne vinatenganishwa na kitu kidogo mno: D mbili na F tano ni pointi 33, Daraja la Nne, D moja na F sita ni 34, Sifuri. Kwa hiyo usihangaike na masomo tisa. Chagua mawili yaliyo karibu na mpaka na uweke nguvu na fedha hapo, huku ukilinda yale matatu anayoweza kupata C, kwa sababu mlango wa Kidato cha Tano unahitaji C tatu za tahasusi moja, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kusomea huko.

Hisabati inahitaji maelezo ya ziada kwa kuwa inatisha nchi nzima. Katika muundo uliozoeleka, karatasi ina maswali 14: kumi ya Sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya Sehemu B yenye alama 10 kila moja. Mtoto anayejibu kwa ukamilifu maswali matano ya Sehemu A amefika alama 30 za karatasi hiyo. Hilo linawezekana hata kwa aliye dhaifu, ikiwa atashika mada chache hadi azimudu badala ya kugusa zote juujuu. Takwimu, seti na hesabu za biashara ni pa kuanzia. (Mtaala unabadilika kwa awamu, kwa hiyo pakua muundo wa mtihani unaomhusu mwanao.) Tovuti hiyohiyo ya NECTA ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, bure, zikionyesha swali, jibu zuri, jibu baya na sababu ya watu kukosea. Nathamini taarifa hizo kuliko vitabu vingi vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi, ambavyo mtoto hukariri bila kuelewa.

Halafu kuna lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Baiolojia inamjia kwa Kiingereza. Wengi wanaoitwa wazito wanajua jibu, ila hawajaelewa swali. Mpe daftari dogo la msamiati: maneno matano kwa siku kutoka kwenye somo alilosoma siku hiyo, kila neno na sentensi yake. Ayapitie Jumamosi kwa sauti. Maneno ya amri katika mitihani, yale yanayomtaka aeleze, alinganishe au ataje tu, ayajue kwanza kabisa. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo simu ya nyumbani iwe na saa yake ya kusomea.

Kabla ya kwenda shuleni, kusanya ushahidi. Chukua ratiba ya darasa na daftari la mtoto, uhesabu kwa wiki nne: vipindi vilivyopangwa vingapi, tarehe zilizoandikwa daftarini ngapi, mazoezi yaliyosahihishwa mangapi. Ratiba ikisema vipindi 20 na daftari lina tarehe 7, una jambo la kuzungumza, ila hakikisha kwanza kwamba si mtoto anayetoroka. Mwone mwalimu wa somo, kisha mkuu wa shule, kwa heshima na kwa takwimu hizo. Uliza pia wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walisema nini walipokuja mara ya mwisho. Ikishindikana, barua ipite kwa bodi ya shule hadi kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Barua ya wazazi 30 wakitaja somo moja lisilo na mwalimu ina uzito kuliko malalamiko ya jumla.

Wazazi wakikubaliana kumlipa mwalimu wa muda, mchango uwe wa hiari, upate kibali, na risiti zitolewe. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Chakula cha mchana nacho kisidharauliwe: aliyetembea kilomita tano asubuhi bila kitu tumboni hasikii kipindi cha saa saba.

Nyumbani, saa moja na nusu kila jioni inatosha, mradi iwe ya kweli. Wasichana huipoteza kwenye maji na vyombo. Kazi hizo zigawanywe, na kaka zao waoshe masufuria.

Kuhama kubaki kwa mambo mazito: usalama, unyanyasaji, au masomo ya sayansi kukosa mwalimu kabisa wakati mtoto anayahitaji. Pata kwanza uthibitisho wa nafasi kwa mkuu wa shule anakokwenda, ndipo uombe ruhusa anakotoka. Fanya hivyo mwanzoni mwa Kidato cha Tatu, baada ya matokeo ya Upimaji wa Kidato cha Pili. Kidato cha Nne, usajili wa mtihani ukishafungwa, atafanyia mtihani pale alipoandikishwa.