Nani aliwaambia muombe upya?

Jamani hii habari ya "achana nayo, omba upya tu" nani aliianzisha? Nataka kumjua. Juzi nimeisikia tena hapa Marekani, mama wa watu mgongo umemwisha tangu enzi za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, SSI yake (zile hela za kila mwezi za serikali kwa walemavu na wazee wasio na kipato) imekataliwa, halafu wanaume wazima wamekaa na chai yao wanamshauri aitupe ile barua ajaze fomu mpya. Kwa kujiamini kabisa!

SSI hailipi miezi ya kabla hujaomba. Ukiomba Januari, ukakataliwa, ukakata rufaa na kushinda mwaka unaofuata, bado wanahesabu kwa ile tarehe ya Januari. Ukianza upya hiyo miezi yote umeichoma mwenyewe. Na kwa mkimbizi ambaye hajapata uraia SSI ina kikomo cha miaka 7, kwa hiyo unachezea muda ambao hata hivyo ni mfupi. Halafu hiyo fomu mpya inaenda wapi? Inarudi kwenye mlango uleule, karatasi zilezile za daktari, jibu lilelile, unaomba tena, unazunguka kama ngamia wa kinu.

Wengi wanakataliwa mara ya kwanza, hata wazawa wa hapahapa, siyo kwamba wamekuona mwongo. Una siku 60 za kukata rufaa tangu upate barua, na wao wanahesabu umeipata siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Kwanza mtu mwingine anapitia faili, na sitawadanganya, hapo pia wengi wanaanguka. Ni hatua inayofuata, kwa jaji, ndo kuna maana, maana hapo mwenye uamuzi anakaa kukusikiliza, anakuuliza unaweza kusimama muda gani, usiku unalalaje, nani anakupikia. Anayeomba upya kila mara huyo jaji hamfikii ng'o.

(Ila huko nako kuna vituko. Kulikuwa na orodha ya kazi za kizamani, mtu anaambiwa siyo mlemavu wa kulipwa kwa sababu anaweza kukaa akachambua njugu. 2024 ndo wakaacha kutumia kazi zaidi ya 100 za namna hiyo.)

Haya, nakubali, kusubiri jaji kunachosha na kodi ya nyumba haisubiri. Na kama siku zilishapita zamani bila sababu ya maana, omba upya, sawa.

Loya humlipi kwanza, mkishinda anakata asilimia 25 ya malimbikizo, yaani hela za miezi ya nyuma, na kuna kiwango hapiti. Mkalimani ni bure, omba tu, usimbebeshe mtoto kutafsiri, mwache aende shule.

Kinachoniuma hasa ni woga. Mama anasema hataki kubishana na serikali isije ikamnyima uraia. Mama yangu, kukata rufaa siyo ugomvi na siyo kosa! Fomu ya rufaa wameichapisha wao wenyewe, wameipa na namba, SSA-561. Wangekuwa hawataki uijaze wasingeitoa.