Spiriti Moyoni au Kisu Kifuani?

Mililita moja hadi tatu za spiriti ya asilimia 96 au zaidi zinatosha kuua kipande cha msuli wa moyo, na hilo ndilo linalokusudiwa. Katika ugonjwa wa kunenepa kwa msuli wa moyo, ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini hufikia unene wa milimita 15 na zaidi. Damu inayoelekea mwilini hubaki na kichochoro tu, na kila pigo huvuta jani la valvu ya mitrali (mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo) hadi ligonge ukuta na kuziba njia. Mama anayebeba karai la samaki sokoni Kibuye, Kisumu, ataishiwa pumzi, kifua kitambana, na siku nyingine atazimia.

Ubishi ni huu: je, ukuta huo uunguzwe kwa spiriti kupitia mrija, njia ambayo daktari wa moyo Ulrich Sigwart aliianza London mwaka 1994, au kifua kifunguliwe na daktari wa upasuaji aukate? Lakini kuna hatua ambayo wengi huiruka. Mgonjwa wa aina hii akionekana ana presha, ni rahisi kuandikiwa amlodipini au nifedipini, na akilalamika pumzi, aongezewe dawa ya kukojoa. Dawa hizo hutanua mishipa au kupunguza maji mwilini, moyo unajaa kidogo, kuta zinasogeleana na kuziba kunazidi. Joto la Kisumu na kiu hufanya vivyo hivyo. Kipimo kisichohitaji mashine ni mngurumo wa moyo: ukiongezeka mgonjwa anaposimama na ukipungua anapochuchumaa, shuku ugonjwa huu. Dawa za kuanza nazo ni za jamii ya atenolol na propranolol, au verapamil. Wapo wanaopata nafuu hapo na wasihitaji kuguswa tena.

Wanaozungumziwa hapa ni wale ambao, hata baada ya dawa kutumika kikamilifu, hawawezi kupanda ngazi, na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inaonyesha tofauti ya presha ya damu kabla na baada ya kizuizi ya 50 mmHg au zaidi, wakiwa wametulia au wakijikaza.

Anayetetea spiriti ana hoja nzito. Hakuna mfupa wa kifua unaokatwa kwa msumeno wala mashine ya kuzungusha damu. Mrija huingizwa kwenye ateri, na waya mwembamba hufikishwa kwenye tawi linalolisha sehemu iliyonenepa. Puto dogo, kwa kawaida la milimita 1.5 hadi 2.5, hujazwa ndani ya tawi hilo na kuliziba. Kisha dawa ya kung'arisha hupitishwa ndani ya puto ili eko ionyeshe ni msuli upi hasa unaolishwa. Nikiulizwa, hapa ndipo ustadi wote ulipo. Sehemu inayong'aa ikiwa ndiyo inayogongwa na valvu, endelea. Ukiona inang'aa kwenye misuli inayoshikilia valvu, acha. Spiriti hudungwa polepole, takriban mililita moja kwa dakika, na puto huachwa limejaa dakika 5 hadi 10. Likilegea mapema, spiriti itarudi kwenye ateri kuu ya mbele na kuua eneo kubwa la moyo. (Chang'aa haihusiki. Pombe ya kunywa hutanua mishipa na humzidishia mgonjwa huyu shida.)

Hasara yake ni kwamba nafuu huja polepole. Kovu huchukua miezi kadhaa kunywea, kwa hiyo nafuu kamili huenda ikafika baada ya miezi mitatu hadi sita, na baadhi hurudia utaratibu. Tena nyaya za umeme wa moyo hupita kwenye ukuta huohuo. Takriban mgonjwa 1 kati ya 10 huishia kuwekewa peismeka (kifaa cha kuupigisha moyo kwa umeme) ya kudumu, ndiyo maana waya wa muda huachwa moyoni siku mbili au tatu. Spiriti huharibu zaidi njia ya umeme ya kulia. Mwenye njia ya kushoto iliyokwisha kukatika hukaribia kukosa umeme kabisa. Hofu ya kovu kuleta vifo vya ghafla imepungua, maana ufuatiliaji wa miaka mingi Ulaya haukuonyesha wimbi hilo.

Upasuaji huondoa kizuizi papo hapo, na daktari hurekebisha valvu palepale. Katika vituo vyenye uzoefu vifo ni chini ya 1%. Neno "uzoefu" ndilo lenye uzito: daktari anayefanya mara chache hana takwimu hizo, na hapo faida ya kisu huyeyuka. Kwa ukuta wa milimita 30 na zaidi, kwa kijana, au valvu ikiwa na kasoro, mimi ningempeleka kwa kisu hata kama ni kusubiri. Kwa mzee mwenye figo au mapafu mabovu, spiriti ina maana. Na ukuta ulio chini ya milimita 16 usiunguzwe. Hatari ya kutoboka ni kubwa.

Kwa mkazi wa Nakuru au Kisumu, kuna swali la pili: baada ya hapo atafuatiliwa wapi? Nairobi iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisumu. Peismeka lazima ikaguliwe, na betri hudumu takriban miaka kumi kisha ibadilishwe; mgonjwa wa miaka 35 atabadilisha mara kadhaa. Nauli na gharama hizo ziulizwe kabla ya kulazwa, pamoja na kiasi ambacho SHA, bima ya afya ya serikali, itabeba. Daktari naye aulizwe mambo mawili: ametibu wangapi kwa njia hii, na wangapi kati yao wamewekewa peismeka. Mgonjwa abebe karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ya zamani, kwa sababu ndiyo itakayosema ni njia ipi tayari imekatika. Ndugu na watoto wake nao wapimwe kwa eko, maana kila mtoto ana nafasi nusu ya kurithi.