Kama Ni Kubana, Tubane Vizuri

Hicho kikapu kilicho nyuma ya mlango kisiguswe na mtu. Kina sufuria ya maharagwe iliyotoka motoni, na joto lake lenyewe linamalizia kupika. Yameingia saa tatu asubuhi yakitokota, yatatoka saa nane mchana yakiwa laini, na katikati hapo hakuna makaa, hakuna gesi, hakuna stima. Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu ambacho ploti hii nzima ya Manyatta, hapa Kisumu, hatuna: kuacha kifuniko kikae.

Maana shida yetu si ubadhirifu. Mbadhirifu pesa zikimwishia anatulia. Sisi tuna ubahili wa nusu nusu. Mtu anaanza kubana Jumatatu, kufika Jumatano amebana vibaya mpaka ametumia mara mbili, halafu anatangaza kwamba mambo ya kutunza mazingira ni ya watu wa semina kule Milimani, mtaa wa wenye nazo. Omera, kutunza mazingira ni ubahili uliopelekwa shule. Lakini ni lazima umalize shule.

Angalia kikapu chenyewe. Mtu akisikia habari zake, Jumapili yuko soko la Kibuye ananunua kikapu kinachoibana sufuria kama soksi. Sasa joto litahifadhiwa na nini? Kikapu kiizidi sufuria kwa upana wa kiganja kila upande, na nafasi hiyo ijazwe mpaka ishibe: vipande vya godoro kuukuu, matambara ya mitumba, hata majani makavu ya mgomba. Chini kuwe na mto, na juu mto mwingine mnene unaofunika kila pembe. Watu huusahau huo wa juu, na joto hutorokea huko huko.

Halafu sufuria. Ijae angalau theluthi mbili. Ukiweka vikombe viwili vya ndengu kwenye sufuria ya matanga, unahifadhi hewa, na hewa hupoa haraka. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya dakika 30 hadi 40, na mchemko uwe mchemko kweli. Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili ambayo hufa kwa kuchemka, si kwa kupashwa pashwa. Anayeruka hatua hii ili kuokoa makaa ya shilingi kumi atashinda akipiga foleni ya choo, na choo chetu mnakijua. Wali ni rahisi zaidi: dakika 5 za kuchemka, kikapuni karibu saa nzima. Ila punguza maji, kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha maji, kwa sababu mvuke hauna pa kwenda. Ukipima kama ulivyozoea utapakua bokoboko.

Na jikoni kuna mchunguzi. Kila nyumba ina mmoja. Anapita, anafunua, anasema "naangalia tu." Kuangalia tu ndiko kunakoua kikapu! Mvuke ukishatoka haurudi, na hakuna moto chini wa kuutengeneza mwingine. Ikifika saa nane chakula ni vuguvugu, maharagwe yanagonga meno, inabidi jiko liwashwe upya, na lawama ziende kwa kikapu. Tena chakula kisilazwe humo mpaka kesho. Kwa joto hili la Kisumu, chakula cha vuguvugu huchacha kabla jogoo hajawika. Kikitoka, kichemshwe kidogo, kiliwe.

Tuje kwenye jiko. Hili letu lenye kauri ndani, lililobanwa kiuno kama mtu wa fasheni, limekuwa likitengenezwa Kenya tangu miaka ya 1980, na linatumia makaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Lakini halina miujiza. Mlango wa majivu ni wa kufunguliwa moto unapowashwa na kufungwa nusu makaa yakishika. Ukiuacha wazi saa mbili unapikia upepo wa ziwa. Halafu yule anayemaliza ugali na kumwagia jiko maji "ili makaa yabaki"! Kauri moto ikikutana na maji baridi hupasuka, na jiko jipya linagharimu zaidi ya vile vikaa vitano. Chukua mkebe wa rangi wenye kifuniko, toa makaa kwa koleo, funika. Moto utakosa hewa, utakufa wenyewe, na kesho makaa hayo yatashika upesi kuliko mapya.

Chini ya gunia la makaa kuna vumbi. Hilo nalo mnalipa, lipo kwenye kila gorogoro, ule mkebe wa kupimia, halafu mnalifagilia mtaroni. Lichekeche. Mikebe mitatu ya vumbi, mkebe mmoja wa udongo wa mfinyanzi. Huu wetu mweusi unaovua watu viatu wakati wa mvua unafaa kabisa. Maji kidogo kidogo mpaka ushikamane kama ugali, si kama uji. Finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu, anika juani siku 3 hadi 5 ukivigeuza. Bahili nusu hutaka kuzidisha udongo kwa vile udongo ni wa bure. Anapata matofali. Mwingine hufinyanga vikubwa kama nazi, nje vinakauka, ndani vimelowa, vikiwashwa vinatoa moshi na kupasuka. Mwingine anaviweka chini kabisa na kuvipuliza mpaka macho yanatoka. Vidonge havianzishi moto, huupokea tu: tanguliza makaa ya kawaida, yakishika, vipange juu. Vinaungua polepole. Ni vya nyoyo, yale mahindi na maharagwe, na matumbo, si vya kukaanga omena na wageni wameshaketi. Na jiko la aina yoyote ya makaa lisiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa ili lipashe chumba. Hewa yake ya sumu haina harufu, na walalao hawaamki.

Maji sasa. Mifereji ikikauka siku mbili tunalia mpaka redioni, na huku choo cha mlango wa nne kinavuja mchana na usiku, tena bila sauti. Kuna kipimo cha bei ya kikombe kimoja. Koroga strungi kali, chai isiyo na maziwa, imwage ndani ya tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini umechoka, na mpira ni kitu kidogo cha kubadilisha. Ukitaka kupunguza maji ya kila mvuto, zamisha humo chupa ya nusu lita iliyojazwa maji na kufungwa. Usiweke tofali. Tofali humomonyoka, chembe zake huingia kwenye vali, na hapo ndipo linapoanza kuvuja hata lisilovuja. Wala usitie chupa tatu kwa tamaa: maji yakipungua mno mtu huvuta mara mbili, na hapo umemsaidia nani?

Mvua ni hesabu ya darasa la tano. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 4 kwa 5, mvua ya milimita 10, ni lita 200, yaani karibu pipa zima, hata ukitoa zinazorukia nje. Maji ya dakika za kwanza yaache yaende, yamebeba vumbi na matusi ya kunguru. Pipa lifunikwe kwa wavu wenye matundu madogo, uliokazwa kwa kamba, kwa sababu yai la mbu halihitaji hata wiki mbili kuwa mbu kamili, na huku kwetu malaria haihitaji kualikwa. Wavu, nimesema. Si chandarua cha mtoto.

Gunia lililopandwa sukuma wiki nalo lina kesi yake. Kosa ni kumwagilia juu tu: juu kunakuwa tope, chini ni jangwa, miche ya chini inakauka halafu mtu anasema mbegu za siku hizi ni feki. Ndiyo maana katikati huwekwa nguzo ya kokoto. Chukua mkebe uliotobolewa pande zote mbili, usimamishe, ujaze kokoto, zungushia udongo, vuta mkebe juu, jaza tena, mpaka ufike mdomoni mwa gunia. Udongo madebe matatu, samadi iliyooza debe moja. Ikiwa mbichi itaunguza mizizi. Matundu ya pembeni yapishane, shibiri moja kutoka tundu hadi tundu, madogo ya kupenyeza mche tu, la sivyo udongo utamwagika. Maji ya kuoshea mboga na mchele mwaga kwenye kokoto. Maji ya sabuni ya unga na dawa ya madoa, hapana. Na wakati wa kuchuma, anza na majani ya chini, acha manne au matano juu. Kuna watu wanachuma kama mbuzi aliyekata kamba.

Stima nitasema haraka, tokeni isije ikaisha. Balbu ya zamani ya wati 60 kwa saa 5 kila usiku ni yuniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, hata yuniti moja na nusu haifiki. Birika la umeme: kila lita hula takriban sehemu moja ya kumi ya yuniti, kwa hiyo anayejaza lita mbili ili anywe kikombe kimoja anachemshia hewa. Chemsha mara moja, jaza chupa ya chai. Na kuna bingwa anayezima taa ya choo kwa hasira halafu anaoga dakika kumi kwenye shawa ya moto ya wati 5,000. Hiyo ni yuniti karibu nzima. Akioga hivyo kila siku, azime taa za choo mwaka mzima, hajairudisha.

Ile mifuko ndio basi tu. Juala, zile za plastiki, zilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, tukapongezana. Leo nyuma ya kila mlango kuna mfuko uliojaa mifuko, ile laini inayofanana na kitambaa, na yenyewe mingi ni plastiki iliyovalia kanzu. Mtu anatoka mikono mitupu, anarudi na mwingine, wa rangi ya kijani, umechorwa mti. Chukua mmoja, ukunje, utie mfukoni kabla ya kutoka, hata kama unaenda kununua...

Saa ngapi? Saa sita na robo. Mbona nasikia harufu ya maharagwe? Kikapu kilichofungwa hakitoi harufu. Nani amefunua? Nani ameangalia tu?